Nguzo mbili, nguzo nne, mkasi au shimo: kuchagua cha kuinulia gari nyumbani

Aliyezoea kulala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, stendi ubavuni na oili ikimtiririkia kiwikoni, siku moja huanza kuulizia lifti. Swali lake la kwanza huwa la gari: "Nina Noah, ninunue ipi?" Gari ndiyo jambo jepesi kuliko yote. IST ina tani moja na kidogo, Noah tani moja na nusu na ushei, Alphard inakaribia mbili, Prado inazipita kidogo. Lifti za nyumbani nyingi zimeandikwa tani 2.7 hadi 4.5, kwa hiyo uzito si tatizo la wengi wetu. Linaloamua ni banda lenyewe: dari yake, zege lililo chini ya sakafu, umeme unaofika pale, na upepo wa bahari unaopita humo kaskazi na kusi.

Tutalinganisha njia nne: lifti ya nguzo mbili, ya nguzo nne, ya mkasi (miguu ya chuma inayofunguka kama mkasi chini ya gari), na shimo. Shimo si lifti, lakini kwa Unguja na Pemba ni mshindani halali na kuliacha nje ni kumdanganya msomaji.

Vipimo vya kuanzia

Dari. Pima kutoka sakafuni hadi kitu kilicho chini kuliko vyote: boriti, taa, feni, au roli la geti la kukunja, ambalo wengi hulisahau mpaka paa la gari liligonge. Toa urefu wa gari, toa sentimita 10 za usalama, kinachobaki ndicho utakachoinua. Chukua banda lenye dari ya zege ya mita 2.9. IST ina urefu wa mita 1.53 hivi, kwa hiyo itapanda mita 1.27. Noah yenye mita 1.85 itapanda sentimita 95, yaani usawa wa kiuno. Kufanya kazi chini ya Noah umesimama wima kunataka nafasi ya mita 3.7 na zaidi, na hiyo huipati chini ya ghorofa. Utaipata kwenye banda la bati lililojengwa kwa makusudi.

Sakafu. Nyumba zetu hujazwa kifusi ndani ya msingi, kikashindiliwa, kikamwagiwa zege la sentimita 5 hadi 8, kisha saruji laini juu. Kwa macho yote ni sakafu nzuri. Toboa kona iliyojificha kwa drili ya zege ya milimita 10. Unga wa kijivu ni zege. Ukigeuka mweupe au wa manjano na drili ikadidimia ghafla bila kusukumwa, umeshafika kwenye kifusi. Chukua waya mwembamba, kunja ncha yake kama ndoana ndogo, ingiza, vuta taratibu mpaka ishike ukingo wa chini wa zege, bana waya kwa kidole usawa wa sakafu, toa, pima. Toboa sehemu tatu, si moja, maana kifusi hakilali sawa na zege huwa nene hapa na jembamba pale.

Umeme. Mota ya kawaida ya lifti ya nyumbani ni kilowati 2.2, fezi moja. Ikizunguka hula ampea 12 hadi 16. Inapoanza, kwa muda mfupi hula mara kadhaa ya hizo. Pima volti kwenye soketi ya banda saa mbili usiku, feni na friji za mtaa mzima zikiwa kazini. Ukisoma chini ya 200, mota itaguna bila kuzunguka, na ukiendelea kubonya, kapasita (kifaa kinachoisaidia mota kuanza) itaungua. Lifti iwe na breka yake na waya wake wa milimita 4 za mraba kutoka kwenye bodi kuu. Usiunge kwenye laini ya soketi za jikoni. Lifti iliyotumika iliyotoka kwenye karakana kubwa, soma kibao cha mota kwanza: nyingi ni za fezi tatu, na nyumba yako huenda haina.

Kazi. Orodhesha ulichofanya mwaka uliopita, si unachotamani kufanya. Kubadilisha oili na egzosi ni kazi ya chini katikati. Breki, busha na shokapu ni kazi ya magurudumu yaliyoning'inia. Kushusha giaboksi ni zote mbili kwa pamoja.

Chumvi. Chuma kilichopakwa rangi ya unga hushika kutu kwanza kwenye mikwaruzo na kwenye nyuzi za bolti. Nyumba ya Jambiani au Paje, hatua mia kutoka maji, haina masharti sawa na ya Mahonda.

Lifti ya nguzo mbili

*Nafasi.* Upana wa nje ni mita 3.3 hadi 3.5, na unahitaji sentimita 60 kila upande ili uweze kupita na kufungua mlango. Zipo za aina mbili. Yenye bamba la sakafuni ina nguzo za mita 2.8 hivi, na waya pamoja na mpira wa haidroliki hupita chini ya bamba la kuvukia. Ya boriti ya juu inapita mita 3.5, lakini sakafu yake ni tupu na jeki ya giaboksi inateleza bila kukwama.

*Sakafu.* Hapa ndipo nguzo mbili huwa kali kuliko zote. Gari nzima imening'inia kwenye mikono ya chuma inayotoka kwenye nguzo, na kila nguzo inavutwa kuelekea ndani. Bolti za nyuma ya bamba ndizo zinazozuia isilale. Watengenezaji wengi hutaka zege zima la angalau sentimita 10, wengine 15, lenye nguvu ya megapaskali 20 hadi 25. Kama drili yako imesoma sentimita 6, usiongeze safu mpya juu ya ile. Safu mbili hazishikani na bolti itabaki kwenye ile nyembamba. Kata sakafu, toa kifusi, mwaga ukanda mmoja unaobeba nguzo zote mbili: urefu mita 4.2, upana mita 1.2, kina sentimita 20. Hiyo ni kama mita moja ya ujazo. Kwa mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 1.5 na kokoto 3, utatumia mifuko 8 ya kilo 50. Weka nondo za milimita 12 kila sentimita 20, na chora mahali bolti zitakapoingia ili usije ukatoboa juu ya nondo. Mwagilia wiki nzima, asubuhi na jioni, funika kwa magunia, na subiri siku 28 kabla ya kukaza bolti.

Mchanga wa pwani usiingie humo, wala maji ya kisima chenye chumvi. Zege litaganda vizuri na litaonekana zuri, lakini chumvi itakula nondo na bolti kutoka ndani, na utajua siku ufa utakapozunguka bamba.

*Umeme.* Kupanda kunahitaji mota. Kushuka ni kwa uzito wa gari yenyewe, ila kuna jambo ambalo muuzaji halisemi. Gari ikishakaa kwenye loki, yaani vizuizi vya chuma vinavyoishikilia isishuke, haishuki mpaka inyanyuliwe sentimita chache ili loki ziachie. Umeme ukikatika magharibi gari ikiwa juu, italala huko huko. Waliokuwapo Unguja wakati wa kiza cha miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, hawahitaji kuelezwa. Uliza kabla ya kununua kama pampu ina nafasi ya kuungwa pampu ya mkono. La sivyo utataka jenereta ya kVA 5 au zaidi. Ile ndogo ya kuwashia taa na televisheni haitaianzisha mota hiyo.

*Kazi.* Hakuna inayoishinda. Magurudumu yako huru, chini kote kunafikika, giaboksi inashuka moja kwa moja kwenye jeki yake.

*Kinachoharibika.* Kwanza, gari zenyewe. Uzito wote unabebwa na ncha nne chini ya kizingiti cha mlango, na gari zetu nyingi, zilizotumika kabla hazijafika halafu zikanyweshwa chumvi hapa, vizingiti vyake vimeoza chini ya rangi. Dunga bisibisi pale raba ya mkono itakapokaa. Ikiingia, au kukisikika kama kukanyaga majani makavu, usiipandishe gari hiyo kwenye nguzo mbili. Pili, mizani. Gari yenye injini mbele inayovuta magurudumu ya mbele ina uzito wake karibu na kiti cha dereva, si katikati ya bodi. Noah za zamani zenye injini chini ya viti ni habari nyingine. Inua sentimita 15, tikisa kwa bampa mbele na nyuma, tazama raba nne zote, ndipo upande. Ukishatoa injini au giaboksi uzito umehamia nyuma. Weka stendi ndefu chini ya mkia kabla hujalegeza bolti ya mwisho. Tatu, waya za kusawazisha mikono: zikilegea, upande mmoja huingia loki kabla ya mwingine. Sikiliza. Loki zinapogonga "ka-ka" badala ya "ka" moja, kaza waya.

*Inamfaa* anayefanya kazi ya kweli kila wiki, mwenye banda lake mwenyewe na ruhusa ya kukata sakafu. Mpangaji aisahau.

Lifti ya nguzo nne

*Nafasi.* Urefu mita 5 na zaidi, upana mita 2.7 hadi 3. Inakula banda. Ila inalipa kwa namna yake: gari moja juu, nyingine chini, kama dari inaruhusu. Kwa IST mbili unahitaji mita 3.4 hivi ukihesabu unene wa njia za kupandia.

*Sakafu.* Ni mpole zaidi. Gari imesimama kwa magurudumu yake juu ya njia mbili na uzito unagawika kwenye nguzo nne zinazosukuma chini tu. Zege la sentimita 10 lililo sawa linatosha kwa nyingi, na baadhi ya za nyumbani hazifungwi bolti kabisa. Sakafu iwe tambarare. Iliyoinama kuelekea geti ili maji ya masika yatoke itakulazimisha kuweka vibamba vya chuma chini ya nguzo za upande wa geti.

*Umeme.* Mota ni ileile, na tabia ya loki ni ileile.

*Kazi.* Oili, egzosi, kukagua, kulainisha, kupaka dawa ya kutu chini ya gari: raha tupu, unaendesha, unapanda, unaanza. Magurudumu ndiyo shida, maana yamekaa njiani. Breki na shokapu zinataka jeki ya kati inayoteleza juu ya njia zote mbili, na jeki hiyo mara nyingi huuzwa peke yake. Anayelinganisha bei ya nguzo nne na nguzo mbili bila kuihesabu analinganisha embe na kokwa.

*Kinachoharibika.* Waya. Lifti hii inapandishwa na waya nne za chuma zinazopita kwenye makapi (vigurudumu vya kupitishia waya) ndani ya njia na nguzo, na waya wa chuma karibu na bahari ni biashara ya kutu. Kutu huanzia ndani ya msokoto, mahali jicho halifiki. Kila mwezi pitisha kitambaa kikavu kwenye waya wote, taratibu, umevaa glavu. Kikinasa, kuna uzi uliokatika, na waya huo ubadilishwe. Wenye jahazi wanaijua kazi hii kwa kamba: kapi lisilozunguka ndilo linalokata. Lainisha kwa oili nyepesi inayopenya ndani. Grisi nzito hubaki juu na kufungia unyevu.

*Inamfaa* mwenye gari nyingi kuliko nafasi, mwenye gari nzito au ndefu, na mwenye gari iliyooza vizingiti, kwa kuwa hapa vizingiti havibebi chochote.

Lifti ya mkasi

*Nafasi.* Ndiyo yenye adabu kuliko zote kwenye banda la chini. Ya kati hupanda mita 1 hadi 1.2, ile fupi nusu mita tu, na ikishushwa inalala kwenye kimo cha sentimita 10 hadi 11 hivi. Gari inapita juu yake, ila pima kwanza bampa iliyoshushwa. Nyingi zina kigari cha kuisogeza, hivyo siku ya harusi unaisukuma ukutani na banda linarudi kuwa ukumbi.

*Sakafu.* Zege zima la sentimita 10, sawa, bila nyufa. Bolti si lazima kwa nyingi za kusogezwa.

*Umeme.* Fezi moja. Wenzake wadogo, zile fremu mbili za kulaza ubavuni mwa gari, zina aina zinazotumia pampu ya volti 12, yaani betri ya gari. Kwa Pemba vijijini, au popote umeme unapocheza, hilo si jambo dogo.

*Kazi.* Breki, tairi, busha, shokapu, kunyoosha bodi na rangi. Katikati ya gari ndiko mkasi ulikokaa, kwa hiyo giaboksi na egzosi ya kati zimezibwa. Fremu mbili zinaacha katikati wazi, ila kimo chake ni kidogo, hivyo bado unalala, tofauti na jeki ni kwamba unalala salama zaidi.

*Kinachoharibika.* Pini na busha za viungo. Mchanga ukiingia na grisi ikikauka, mkasi hupanda kwa mikwaruzo na upande mmoja hutangulia. Sili za silinda (raba za kuzuia oili isivuje) zikichoka gari hushuka polepole, na ndiyo maana huingii chini mpaka loki imekaa, hata kwa dakika moja ya kufungua bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Usioshee gari juu yake.

*Inamfaa* mpangaji, mwenye dari ya zege, na fundi wa breki na magurudumu.

Shimo

*Nafasi.* Halitaki dari. Upana wa ndani sentimita 75 hadi 85, ili tairi za gari ndogo zipite pande zote mbili. Kina kulingana na kimo chako ukiwa umesimama na gari juu, kawaida mita 1.5 hadi 1.7. Urefu mita 4.5 pamoja na ngazi.

*Sakafu.* Sema ardhi. Kwenye maweni ya mashariki ya Unguja, na upande wa Micheweni, unakutana na jiwe baada ya sentimita 30 tu, na kuchimba ni kazi ya mashine ya kuvunjia. Lakini likishachimbwa kuta zinasimama zenyewe. Kwenye udongo wa magharibi jembe linatosha, ila kuta zinataka matofali ya sentimita 15, plasta yenye dawa ya kuzuia maji, na ukingo wa zege juu. Sehemu za mjini ambako maji hutuama masika, chimba kishimo cha majaribio cha mita 2 na ukiache mpaka mvua kubwa zipite. Kikijaa, hakuna plasta itakayokusaidia. Kila shimo liwe na kisima kidogo pembeni cha kuchotea maji na oili.

*Umeme.* Hakuna, ila taa, na taa iwe ya volti 12 au 24.

*Kazi.* Oili, egzosi, klachi kwa mwenye subira. Magurudumu hapana, mpaka uongeze jeki juu.

*Kinachoharibika.* Watu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka shimoni na kutulia humo kama maji. Kazi ya tangi au ya paipu za petroli haifanywi juu ya shimo kabisa, na injini haiwashwi mtu akiwa chini. Pepea shimo kabla ya kuingia. Mtoto na mbuzi hawaoni shimo usiku: mbao za milimita 50 zilizokatwa kwa kipimo, zikikaa kwenye ukingo wake, kila jioni.

*Inamfaa* mwenye kiwanja chake, umeme wa mashaka, na kazi nyingi za oili. Hakuna kutu wala waya wa kubadilisha, na fedha inabaki kwa mafundi wa mtaani.

Hali yako, njia yako

Nyumba ya zege ya Kiembesamaki au Mbweni, dari mita 2.9, gari moja ndogo, breki na busha: mkasi wa kati. Nguzo mbili fupi itaingia pia na kukuachia katikati wazi, lakini utakuwa umekata sakafu ili upate mita 1.27 na kigoda cha kukalia.

Banda la bati la Fuoni au Tunguu, urefu mita 4, kazi za giaboksi kila wiki: nguzo mbili za boriti ya juu, msingi mpya, pampu ya mkono ya akiba.

Ndugu watatu, gari nne, banda moja: nguzo nne, na jeki ya kati ihesabiwe kwenye bei tangu siku ya kwanza.

Pwani ya mashariki, karibu na maji: kama ni lazima lifti, mkasi wa kusogezwa, ukae ndani na mlango ufungwe, ufutwe kwa kitambaa cha maji matamu, ukaushwe, ndipo upakwe oili. Nguzo nne huko ni kununua waya kila mara.

Pemba, mbali na mji: hesabu na kuifikisha. Nguzo mbili ni kama kilo 600 kwenye fungu moja refu, na ukitoka bandarini Mkoani au Wete hakuna foklifti kwako. Utahitaji vijana wanane, mabomba matatu ya kuviringishia na mbao ndefu mbili za kushushia. Mkasi ni kilo 400 hivi. Shimo linasafiri kwa jembe.

Na aliye na gari moja, oili mara mbili kwa mwaka na breki mara moja: jeki ya troli ya tani 3, stendi nne za tani 3, na kipande cha plaiwudi chini ya miguu ya stendi zisizame kwenye sakafu dhaifu.